Tovuti ni zao, funguo wanazo mafundi

Mchana wa Novemba 18, 2025, yapata saa 8:20 kwa saa za Afrika Mashariki, tovuti nyingi katika pembe mbalimbali za dunia zilianza kutoa ujumbe wa hitilafu badala ya kurasa zake. Hazikuwa tovuti za kampuni ndogo pekee, kwani hata mtandao wa kijamii wa X na huduma ya ChatGPT zilitetereka. Chanzo hakikuwa vita wala mkongo uliokatika baharini. Kampuni ya Marekani ya Cloudflare, ambayo husimama kati ya mtembeleaji na seva ya tovuti ili kuikinga na mashambulizi na kuiongezea kasi, ilikuwa imebadilisha ruhusa katika hifadhidata yake. Kutokana na badiliko hilo faili moja likawa kubwa maradufu kuliko lilivyopaswa kuwa, na mitambo iliyolisoma ikashindwa kufanya kazi. Ilipofika saa 11:30 jioni sehemu kubwa ya huduma ilikuwa imerejea.

Kampuni hiyo ilitoa maelezo marefu ya mkasa wote siku hiyohiyo. Lakini kwa mwenye hoteli Zanzibar, mwenye kampuni ya kupandisha watalii Mlima Kilimanjaro au mwenye shule binafsi jijini Dodoma, maelezo ya aina hiyo hayana msaada mkubwa. Wengi wao hawajui kama tovuti zao zinapitia kwa kampuni kama hiyo au la. Hawajui seva iko nchi gani, wala jina la tovuti limesajiliwa kwa nani. Wanachokijua ni namba ya simu ya kijana aliyewatengenezea, na mara nyingi namba hiyo ndiyo isiyopatikana siku mambo yanapoharibika.

Mazungumzo kuhusu tovuti hapa nchini huishia kwenye sura yake: rangi, picha, namna inavyoonekana kwenye simu. Swali la nani hasa ndiye mmiliki halipewi nafasi, ilhali hasara kubwa zinazowapata wenye tovuti hutokana na swali hilo kuachwa bila jibu. Tovuti si kitu kimoja. Kuna jina, ambalo wataalamu huliita kikoa. Kuna nafasi kwenye seva ambako kurasa zimehifadhiwa. Kuna programu inayozijenga kurasa hizo. Na kuna cheti cha usalama kinachofanya kivinjari kikubali kwamba mawasiliano hayasomwi na mtu wa kati. Kila kimoja kina ada yake, muda wake wa kwisha na nywila yake. Mmiliki wa kawaida analipa bei moja ya jumla na kudhani amenunua vyote.

Utaratibu wenyewe unafahamika. Mteja na fundi wanakubaliana bei. Mteja hana kadi ya benki ya kulipia kwa dola mtandaoni, au anayo lakini anaogopa kuitumia, kwa hiyo fundi analipa kwa kadi yake. Fomu ya usajili inauliza jina na barua pepe ya mwenye mali; fundi anajaza zake, kwa kuwa ndizo zilizo karibu. Kisha anaiweka tovuti hiyo katika akaunti moja ya seva pamoja na za wateja wake wengine, kwa kuwa kulipia akaunti moja ni nafuu kuliko kulipia ishirini. Katika hatua zote hizo hakuna nia mbaya, na ni haki kulisema hilo, maana lawama nyingi zinazowaangukia mafundi haziwastahili. Wateja wenyewe ndio husema, "Wewe shughulikia yote, mimi nataka kuona inafunguka."

Mambo hubadilika fundi anapopata ajira serikalini, anapohamia nchi nyingine, anapogombana na mteja juu ya malipo, au anapofariki dunia. Barua pepe za kukumbusha kwamba muda wa jina unakaribia kwisha zinaendelea kwenda kwenye anwani isiyosomwa na mtu. Kwa majina yanayoishia na .com, kampuni ya usajili inaweza kumpa mwenye jina hadi siku 45 baada ya muda kwisha kulipia kwa bei ya kawaida, ingawa nyingine hutoa siku chache zaidi. Baada ya hapo hufuata siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi. Kisha jina hukaa siku 5 likisubiri kufutwa, na siku ya mwisho likaachiwa sokoni. Wapo wafanyabiashara wenye mitambo inayovizia majina ya aina hiyo usiku na mchana, na jina lenye miaka kumi ya sifa nzuri kwenye injini za utafutaji huchukuliwa ndani ya sekunde chache. Anayelifungua wiki inayofuata hukuta matangazo ya kamari.

Hasara haiishii kwenye kurasa. Barua pepe zote za kampuni zinazotumia jina hilo hufa siku hiyohiyo, na aliyelinunua jina anaweza kuzifufua na kupokea barua za wateja, ankara za wauzaji, na hata ujumbe wa kubadilisha nywila za akaunti nyingine zilizofungwa kwenye anwani hizo. Kampuni ya utalii inayopokea malipo ya awali kutoka Ulaya inaweza kufilisika kwa njia hii bila mtu yeyote kuvunja kufuli la ofisi.

Njia ya kisheria ipo, lakini ni nyembamba. Tangu mwaka 1999 majina ya kimataifa kama .com yana utaratibu wa usuluhishi, na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) ni miongoni mwa vyombo vinavyouendesha. Ada ya shauri la jina moja mbele ya msuluhishi mmoja ni dola 1,500 za Marekani, nayo haijumlishi gharama za wakili. Mlalamikaji anatakiwa kuonyesha kwamba ana haki ya alama ya biashara. Biashara nyingi ndogo zimesajili jina la biashara BRELA lakini hazikuwahi kusajili alama ya biashara, na tofauti ya mambo hayo mawili hujulikana siku ya kesi.

Kwa upande mwingine, jina la .tz lina faida moja isiyotajwa sana: anayeligombania anaugombania ugomvi huo hapahapa nchini. Herufi hizo zilitengewa Tanzania mwaka 1995. Kituo cha kuzisimamia, tzNIC, kilianzishwa mwaka 2006 na kukabidhiwa rasmi usimamizi mwaka 2010, chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kenya ilianzisha KeNIC mwaka 2002, na tangu mwaka 2017 mtu anaweza kusajili jina linaloishia na .ke moja kwa moja bila kupitia .co.ke. Hata hivyo, .com bado ina mvuto wake. Wapo wanaoona kwamba jina la nyumbani linaipunguzia kampuni hadhi mbele ya mgeni wa kigeni, hoja ambayo Wajerumani na Waingereza, wenye mamilioni ya majina ya .de na .uk, wangeishangaa.

Waliofuata vya bure walipata somo lao mwaka 2023. Kwa miaka mingi kampuni ya Freenom iligawa bila malipo majina ya .tk, .ml, .ga, .cf na .gq, yaani ya Tokelau, Mali, Gabon, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Guinea ya Ikweta. Wanafunzi na vikundi vidogo barani Afrika viliyapenda, na matapeli vilevile. Machi 2023 ilifahamika kwamba kampuni ya Meta imeifungulia mashitaka, na usajili mpya ukasimama. Mwezi Juni Gabon ikachukua tena usimamizi wa .ga na kutangaza kwamba majina karibu milioni 7 yangefutwa. Mali ikafuata Julai. Februari 2024 Freenom ikatangaza kujitoa kabisa katika biashara hiyo. Masharti ya majina hayo yalikuwa yakisema wazi tangu mwanzo kwamba mtumiaji wa bure si mwenye jina, ila nani aliyasoma?

Ngazi ya pili ya tatizo ni programu. WordPress, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, hutumika katika zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, na kwa mafundi wa hapa ndiyo chombo cha kwanza. Ni ya bure, ina viongezi vya bure kwa makumi ya maelfu, na kijana mwenye bidii anaweza kujifunza kuitumia kwa miezi michache. Umaarufu huo huo ndio unaowavuta wadukuzi, kwa sababu ufunguo unaofungua nyumba moja hufungua mamilioni.

Agosti 2024 iligunduliwa kasoro katika kiongezi cha LiteSpeed Cache, kilichokuwa katika tovuti zaidi ya milioni 5, ambayo ilimwezesha mtu asiye na nywila yoyote kujifanya msimamizi mkuu. Novemba mwaka huohuo kasoro inayokaribiana nayo ikaonekana katika Really Simple Security, kiongezi kilichokuwa katika tovuti zaidi ya milioni 4, na kazi yake ilikuwa ni kuimarisha usalama. Dawa yenyewe ndiyo iliyougua. Marekebisho yalitolewa haraka mara zote mbili, lakini marekebisho humfaa anayeyaweka. Tovuti iliyokabidhiwa kwa mteja miaka minne iliyopita na kuachwa bila mkataba wa matunzo haina wa kuyaweka.

Udukuzi wa siku hizi pia si ule wa zamani wa kubandika fuvu la kichwa kwenye ukurasa wa mbele. Mdukuzi anapendelea mwenye nyumba asijue. Huongeza maelfu ya kurasa za kamari au za dawa bandia ambazo zinaonekana na injini za utafutaji tu, au huwapeleka kwingine wale wanaoingia kwa simu kutokea Google, huku mmiliki anayeandika anwani moja kwa moja kwenye kompyuta ya ofisini akiona kila kitu kiko sawa. Taarifa humfikia kupitia kwa mteja, wiki au miezi baadaye. Tovuti za vyuo, mashirika na idara za umma hupendwa zaidi na wahalifu hawa, kwa sababu injini za utafutaji huziamini.

Usafishaji nao mara nyingi hufanywa nusu. Kurasa zilizoongezwa zinafutwa, lakini faili dogo lililomwezesha mdukuzi kurudi linaachwa, naye hurudi. Chanzo cha faili hilo wakati mwingine ni fundi mwenyewe bila kujua: violezo vya kulipiwa ambavyo husambazwa bure mitaani mara kwa mara huwa vimetiwa msimbo wa siri kabla ya kusambazwa. Nakala ya akiba ya tovuti, ambayo ingeokoa hali, ama haipo, ama imehifadhiwa kwenye seva ileile iliyovamiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na katika mambo haya ukuta hujengwa kwa bei ya fundi mpya asiyejua wa kwanza alifanya nini.

Kasi ni suala jingine, ingawa dogo kuliko linavyopigiwa kelele. Google ilikamilisha Oktoba 2023 mpango wake wa kuzipima tovuti kwa kutazama kwanza sura zake za kwenye simu, na vipimo vya mwaka 2024 vilionyesha kwamba ukurasa wa kati kwenye simu ulikuwa na uzito wa zaidi ya megabaiti 2. Kwa msomaji anayehesabu kifurushi chake, picha tano zilizowekwa jinsi zilivyotoka kwenye kamera ni sababu tosha ya kuondoka. Kuzipunguza ukubwa kunachukua dakika chache.

Linalowatia hofu zaidi wenye tovuti katika miaka hii ni wasomaji wenyewe kupungua. Mei 2024 Google ilianza kuweka juu ya matokeo majibu yaliyoandikwa na akili mnemba. Utafiti wa taasisi ya Pew ya Marekani, uliotangazwa Julai 2025, ulionyesha kwamba watumiaji waliokutana na jibu la aina hiyo walibonyeza kiungo cha kawaida katika asilimia 8 ya utafutaji wao, dhidi ya asilimia 15 pale ambapo jibu hilo halikuwapo. Kampuni za Moshi na Arusha zilizotumia miaka kuandika kurasa za kueleza tofauti ya njia ya Machame na ya Marangu, siku zinazohitajika na nguo za kubeba, zinaona maelezo yao yakimfikia msomaji bila yeye kufika kwao. Julai 2025 Cloudflare ilitangaza kwamba wateja wake wapya watawekewa kizuizi dhidi ya roboti zinazokusanya maandishi kwa ajili ya akili mnemba. Lakini kuizuia roboti ya Google ya kawaida ni kujifuta kwenye utafutaji, na hakuna mfanyabiashara aliye tayari kwa hilo.

Wengine wameamua kwamba tovuti haina maana tena, Instagram na WhatsApp zinatosha. Kwa muuza nguo wa Kariakoo huenda ni kweli. Hata hivyo, aliyeukwepa utegemezi kwa njia hiyo ameuongeza. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika zote kwa takriban saa sita, na Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini Tanzania. Akaunti inayofungwa na kampuni ya kigeni kwa kosa lisiloelezwa haina msajili wa kumlalamikia, wala nakala ya kuhamishia kwingine.

Njia za mawasiliano nazo zina historia yake. Mkongo wa Seacom ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, ukifuatwa na EASSy mwaka 2010, nchi ilitoka katika enzi ya setilaiti, na tovuti nyingi ziliendelea kuhifadhiwa Ulaya na Marekani ambako bei ilikuwa nafuu. Mei 12, 2024 mikongo yote miwili ilikatika kwa pamoja upande wa kusini, na intaneti ikadorora vibaya katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Tovuti iliyohifadhiwa Ujerumani ilikuwa ikisomeka na mtalii wa Ujerumani. Aliyeshindwa kuifikia ni mwenye tovuti, na maombi ya safari yakawa yanarundikana bila majibu. Hali kama hiyo ilijirudia kwa sababu tofauti kabisa kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa.

Sheria nazo zinamtafuta mmiliki, si fundi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu na majukwaa kupata leseni kwa gharama ya zaidi ya shilingi milioni 2, na Juni mwaka huo JamiiForums ililazimika kufunga tovuti yake kwa muda. Kanuni hizo zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu wakati huo. Lakini kwa wenye tovuti wa kawaida, iliyo nzito zaidi ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ambayo tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu 2019. Shule inayopokea maombi ya kujiunga kwa fomu ya mtandaoni, yenye majina ya watoto na namba za simu za wazazi, inawajibika kwa taarifa hizo. Zahanati inayopanga miadi kwa tovuti vilevile. Na taarifa zote hizo, kwa utaratibu ulioelezwa hapo juu, zimo katika hifadhidata iliyo kwenye akaunti ya mtu mwingine, pamoja na za wateja wake wengine kumi na tisa, kwenye seva ambayo mkuu wa shule hajui iko bara gani.

Kurekebisha hali si kazi ngumu kama inavyodhaniwa, alimradi uhusiano na fundi ungali mzuri. Jina linaweza kuhamishiwa kwa kampuni yenyewe, likiwa na barua pepe ya ofisi isiyotegemea jina hilohilo. Akaunti ya seva inaweza kutenganishwa. Nakala ya tovuti inaweza kushushwa kila mwezi na kuwekwa kwenye diski iliyo kabatini. Ugumu ni kwamba mambo haya hayaonekani kwenye skrini, na mteja aliyezoea kulipia anachokiona husita kulipia asichokiona. Fundi naye anajua kwamba nywila alizonazo ndizo zinazomrudisha mteja kwake.

Muda wa kulizungumzia jambo hilo unafupishwa na upande usiotarajiwa. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huandika kwamba tovuti isiyo na cheti cha usalama si salama, na mafundi wengi walizoea kununua cheti cha mwaka mmoja na kukiweka kwa mkono. Aprili 2025 kampuni za vivinjari na watoaji wa vyeti walipiga kura kupunguza uhai wa vyeti hivyo: visizidi siku 200 kuanzia Machi 15, 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Fundi aliyekuwa akiingia mara moja kwa mwaka atalazimika kuingia karibu mara nane, au aweke mtambo unaojifanyia kazi hiyo wenyewe, kwa kutumia nywila ambazo anazo yeye peke yake.